Tekla Bura, Mpiga Piano wa Nambis

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kaeni karibu na redio, kipindi chetu cha jioni ya leo ni cha kumkumbuka mtu mmoja. Tunamkumbuka Tekla Bura, mpiga piano. Alizaliwa Nambis, wilayani Mbulu, mwaka 1964. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka arobaini na minne. Tulikwenda Nambis, tukakaa na mdogo wake, Oliva. Habari hii tumeipata kwake, na hakutuficha kitu, hata yale yanayomwumiza.

Tekla alianza kupiga piano akiwa na miaka tisa. Mwalimu wake alikuwa Sista Zita, na piano ilikuwa ya parokia, kuukuu, vibonye vitatu havitoi sauti. Mwaka 1986 akapata nafasi ya kusoma muziki Manchester, Uingereza. Nauli ilikuwa juu ya familia. Baba yao, Mzee Bura, akauza madume matatu ya kulimia. Msimu ule alilima kwa jembe la mkono, akisema, "Mwanangu anakwenda kulima kwa vidole."

Na kweli alilima, wasikilizaji. Kwa miaka kumi na tatu Tekla alipiga muziki wa kale wa Ulaya katika kumbi kubwa. Picha zilifika Nambis: Tekla katika gauni refu jeusi, watu wamesimama wanapiga makofi.

Halafu mwaka 1999 akarudi ghafla. Hakuandika barua kwamba anakuja. Alishuka kwenye basi na sanduku moja.

Sasa mnakumbuka miaka ile. Biashara ilikuwa imefunguliwa, watu wanaondoka na kurudi, na kila aliyerudi aliulizwa kimoyomoyo: umeleta nini, umekipata wapi? Tekla hakuleta kitu. Hilo nalo likawa neno.

Kubwa zaidi lilikuwa mkono. Tekla aliwasalimia wazee, "Shikamoo," akainama vizuri kabisa, lakini mkono wa kulia haukutoka ndani ya khanga. Hakumpa mtu mkono. Hata baba yake hakumpa.

"Mimi nilianza kumwangalia," anasema Oliva. "Akienda kisimani, naangalia. Akipokea barua, naangalia. Nilijiambia, huyu amekimbia kitu."

Barua zilikuja na stempu za Uingereza. Tekla alizisoma peke yake, akazifungia sandukuni. Siku moja alisahau ufunguo juu ya meza. Oliva akachukua barua moja, akaipeleka kwa Maximilian, mwalimu wa shule ya msingi.

Mwalimu aliisoma taratibu, kidole kikifuata mistari. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Akasimama kwenye neno moja.

"Hapa wanazungumzia kesi yake," akasema. "Wanasema kesi yake ni ngumu, na hawaoni namna ya kuimaliza."

"Kesi? Ya nini?"

"Haijaandikwa. Lakini kesi ni kesi, mama."

Oliva aliirudisha barua. Wiki ile ile akaenda kwa kamati ya parokia, akawaambia dada yake ana kesi Ulaya. Wakati huo Tekla alikuwa na ufunguo wa ukumbi wa parokia, na kila alasiri alijifungia humo na piano. Kamati ikamnyang'anya ufunguo. Hawakumwambia sababu. Naye hakuuliza.

Miezi minane, wasikilizaji wapendwa. Kwa miezi minane mpiga piano huyu hakugusa piano. Alichambua maharage, alichunga ndama, na watu walinyamaza kila alipopita.

Mambo yalibadilika Ignasi alipokuja likizo. Ignasi ni mtoto wa kambo wa Oliva, aliyemlea tangu mdogo, na ni mganga wa zahanati huko Masakta. Mama yake alimweleza habari ya kesi, na barua nyingine, aliyoichukua Tekla aliposahau tena ufunguo, akamwonyesha. Ignasi aliisoma mara mbili.

"Mama, hii imetoka kwa daktari. Neno hili kwa Kiingereza lina maana mbili. Hapa ni ugonjwa. Mishipa ya mkono wa kulia wa mama mkubwa haifanyi kazi. Vidole viwili vimekufa."

Oliva alimkuta Tekla uani, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Nimesoma barua yako."

"Najua. Tangu ile ya kwanza. Ulivyoikunja sivyo nilivyoikunja mimi."

"Ulijua ni mimi niliyekwenda kwa kamati?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini hukusema?"

Tekla aliendelea kutoa mawe kwenye maharage. "Niseme nini, Oliva? Baba aliuza madume matatu kwa ajili ya mkono huu."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Oliva alisimama mbele ya waumini akasema alisema uongo. Ugonjwa hakuutaja, kwa sababu dada yake alimkataza. Ufunguo ukarudishwa. Lakini wengine walinong'ona kwamba Oliva amehongwa.

Kuna muziki mgumu wa piano uliotungwa kwa ajili ya mkono wa kushoto peke yake. Tekla aliujifunza miaka miwili. Mwaka 2003, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, akaalikwa kupiga Babati. Piano ilikodiwa Arusha, ikaja kwa lori.

Ukumbi ulijaa, na wengi walikuja na mashaka yao. Alipopiga wimbo wa kwanza, mzee mmoja mfugaji kutoka Mogitu, Gidamis, alisimama na fimbo yake.

"Mkono mmoja hauwezi kutoa sauti zote hizi," akasema. "Humo ndani kuna redio."

Watu walicheka, lakini wengine waliitikia. Tekla hakukasirika. Akamwita Ignasi, wakaondoa ubao wa mbele wa piano. "Karibu mzee, simama hapa uangalie."

Tekla akapiga tena, na Gidamis akainamia nyundo ndogo za mbao zikigonga nyuzi, mpaka wimbo ukaisha. Akawageukia watu. "Hakuna redio. Ni yeye."

Hapo Mzee Bura akainuka kwenye kiti cha mbele. "Na huo mkono mwingine?" akauliza. Tekla akautoa kwenye khanga, akamwonyesha baba yake. Mzee alikwenda mpaka kwenye piano, akaushika kwa mikono yake miwili. "Pole, mwanangu," akasema. "Ungeniambia mimi. Ng'ombe si kitu."

Baada ya hapo Tekla alifundisha piano Nambis miaka mitano. Mwezi uliopita alishikwa na homa ya mapafu, na haikumwachia.

Tulimwuliza Oliva kama dada yake alimsamehe.

"Alinipikia, alinicheka, alinifundishia wajukuu. Lakini sanduku lake alilifunga mpaka siku ya mwisho. Na mimi ndani ya nyumba ile sikuwahi kumwuliza kama amenisamehe."

Tunawapa pole Mzee Bura, Oliva, Ignasi na ukoo wote. Mungu amlaze Tekla mahali pema. Nawe unayetusikiliza, kama yuko mtu nyumbani kwako unayemwangalia kwa jicho la pembeni, huenda jioni hii yupo hapo hapo, chumba cha pili. Mwite. Mwulize yeye mwenyewe.