Sindano Iliyokataliwa: Maisha ya Fundi Nsajigwa Mbonile

Ndugu waombolezaji, mimi Ipyana, mdogo wa marehemu, nimetumwa na familia kuwasomea maisha ya fundi Nsajigwa Rabson Mbonile, na mjane wake, mama Tupokigwe, ameomba lisifichwe lolote.

Marehemu alizaliwa Ileje tarehe 14 Juni 1961, akasoma huko huko hadi darasa la saba mwaka 1976, akajifunza cherehani na kuhamia Tunduma mwaka 1983, ambako alishona sare za shule, suti za harusi na majoho ya kwaya, na wateja wa ng'ambo ya mpaka walimsubiri hata alipochelewesha, jambo ambalo, tuseme ukweli, lilikuwa kawaida yake. Alifunga ndoa na Tupokigwe tarehe 8 Oktoba 1988, wakajaliwa watoto wawili, Gwantwa na Amoni.

Tarehe 11 Machi 2022 kiharusi kilimwangusha akiwa kwenye cherehani, upande wa kulia ukapooza, na baada ya miezi michache bega likakakamaa, mkono ukajikunja na kung'ang'ania kifuani, ikabidi mkewe afumue mashati aliyoyashona marehemu mwenyewe ili aweze kumvalisha. Mwezi Novemba daktari alieleza kwamba ipo sindano ya kupooza msuli uliokaza, inayochomwa huku wakitazama picha ya ultrasaundi ili dawa ifike panapotakiwa. Mama Tupokigwe alisikia neno moja tu, kupooza, akauliza kwa hasira mtu aliyekwisha kupooza anapoozwaje tena, akamchukua mumewe wakarudi nyumbani, nasi sote tukasema amefanya vema.

Kwa miaka miwili marehemu alilia kila alipoogeshwa, kwapa halikufunguka, na harufu tuliyoisikia tulidhani ni ya jasho. Mateso yalipozidi, Gwantwa alimrudia daktari, akaelezwa kwamba kupooza kule maana yake ni kuulegeza msuli. Marehemu alichomwa sindano tarehe 9 Januari 2025, baada ya wiki tatu mkono ukafunguka, ndipo tukaona kidonda kilichokuwa kimechimba hadi karibu na mbavu. Uchafu wake ulikuwa umeshaingia kwenye damu, akafariki tarehe 27 Februari 2025. Mama ameniagiza niseme kwamba neno hilo angeweza kuuliza maana yake siku ile ile, na hakuuliza.

Tunawashukuru majirani, mafundi wenzake, wauguzi, na kwa namna ya pekee daktari huyo, ambaye tulimwacha akiongea peke yake, lakini tuliporudi alitupokea bila kutukumbusha.

Kaka Nsajigwa, ulipolia tulikuambia uvumilie. Utusamehe, upumzike kwa amani.