Ukurasa Uliomtafutia Injinia Jeneza

Kijiwe chetu kipo Mbugani, hapa Kyela mjini, kwenye baraza ya duka la Ahmada. Benchi ni moja, refu, limebonyea katikati kwa uzito wa wakaaji, na mimi Kheri ndiye ninayeuza kahawa hapo tangu enzi zile za kupanga foleni ya sukari. Upande wa kulia hukaa Ambrose, karani mstaafu wa mahakama, tunayemwita Karani. Katikati hukaa Abdulwahab, muuza kanga aliyetoka Tanga miaka mingi nyuma akanogewa na mchele wa huku. Yeye ni Doti. Kushoto hukaa Hezroni, fundi baiskeli, zana zake zikiwa miguuni pake, na jina lake la kijiweni ni Injinia. Mvua ikianza, na Kyela huanza bila hodi, wote watatu husogea kuelekea ukutani na ubishi unaendelea pale ulipokatikia.

Mwaka 2005 Samira, binti wa Ahmada, alirudi kutoka Mbeya alikosomea kompyuta. Baba yake alimpa chumba cha pembeni cha duka, akaweka humo kompyuta tatu na intaneti. Vijana waligombania mbili za ndani, zilizokuwa na kasi. Ya tatu, ya mlangoni, ilikuwa nzito kama trekta, kwa hiyo Samira aliichorea vitufe vyake herufi kubwa kwa rangi nyeupe na kuwaachia wazee wa kijiweni. Hakuna mwingine aliyeikaribia. Ilikuwa yetu, kama benchi.

Samira alitengeneza pia tovuti ya Kyela. Humo mlikuwa na matangazo ya maduka, saa za mabasi, bei ya kakao na mpunga, harusi, misiba, na matokeo ya mpira. Siku moja nikimpelekea kahawa alinieleza ujanja aliouweka. Alisema alijifunza kwa baba yake. Mvuvi akiingia dukani, Ahmada haoneshi vitenge, anashusha nyavu. Akiingia mama mwenye mtoto mgongoni, nyavu zinakaa, zinashuka kanga na sabuni. Samira alitaka tovuti yake ifanye hivyohivyo: iangalie mgeni anapenda kutazama nini, halafu kesho yake imtangulizie vitu vya namna hiyo. Nilimwambia ni jambo zuri. Sikuelewa zaidi ya hapo, ila nilikuwa nimeshakaa kwenye ile kompyuta mara mbili kutafuta matokeo ya mpira, na sikuona ubaya wowote.

Jumatatu moja ya mwezi wa tano, Hezroni aliingia kutafuta bei ya tairi za baiskeli. Alitoka baada ya muda mfupi, uso umemshuka, akakaa mwisho wa benchi bila kugusa kikombe. Tulipomuuliza alisema ukurasa haukumwonesha tairi hata moja. Ulimfungulia majeneza. Chini ya majeneza kulikuwa na sanda, chini ya sanda kulikuwa na gari la kusafirisha maiti kutoka Mbeya, na mwisho kabisa kwaya ya kukodi.

Doti alimwambia labda alibonyeza vibaya, kidole cha fundi ni kinene. Hezroni akarudi kesho yake, akabonyeza kwa ncha ya penseli. Majeneza yaleyale, na safari hii yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. La watu warefu lilikuwa mbele. Hezroni ni mrefu kuliko sisi sote.

Hapo ndipo kijiwe kilipoanza kazi.

Karani alisema ameitumikia serikali miaka thelathini na moja na anajua mambo yanavyokwenda. Kila mtu ana faili lake, na kila faili lina tarehe mbili, ya kwanza na ya mwisho. Ile ya mwisho raia haruhusiwi kuiona. Sasa kompyuta zimeunganishwa dunia nzima, karani mwenzake mahali fulani amesahau kufunga kabati, na faili la Hezroni limevuja mpaka Mbugani.

Doti hakukubali. Kwa maoni yake serikali haihusiki. Ile mashine ina kioo, na mtu akikaa mbele ya kioo anakipumulia. Kioo kinapima pumzi. Daktari akipima damu anahitaji sindano, mashine haihitaji. Kisha alifikiri kidogo akaongeza kwamba hata kiti kinaweza kuwa kinapima uzito, kwa sababu Hezroni amepungua tangu ile malaria ya mwezi wa pili, na kiti kimeona.

Nilisema kiti ni cha mbao, kimetengenezwa na seremala wa hapahapa. Doti akasema huo ndio ujanja wenyewe, kikiwa cha chuma watu wangeshtuka.

Tungecheka, kama Hezroni angecheka. Hakucheka. Alikuwa mtu wa vitu vinavyoshikika, mnyororo na breki, na kitu kisichoshikika kilimtisha. Wiki ile alianza kujipanga. Alikataa kupokea baiskeli yoyote ambayo matengenezo yake yangezidi siku mbili. Alimrudishia mwenyewe pampu aliyoiazima mwaka juzi. Alhamisi alipanda baiskeli mpaka Ngonga kwa kaka yake Aliko, ambaye walikuwa hawasemeshani mwaka wa sita kwa ajili ya mpaka wa shamba la mpunga. Alituhadithia mwenyewe: alifika, akamkuta Aliko anapalilia, akamwambia mpaka uende utakako. Aliko alipoelezwa sababu alilia sana. Alipomaliza kulia aliuliza kwa upole ile baiskeli nyekundu itabaki na nani.

Hezroni alimwachia hapohapo, akarudi kwa miguu.

Kitendo kile cha kumwona fundi baiskeli anatembea kwa miguu kilitugusa. Karani alisimama, kitu ambacho hakifanyi ovyo, akasema mahakamani hakuna hukumu isiyokatiwa rufaa. Kama ukurasa unaamini mtu huyu anahitaji jeneza, basi kazi yetu ni kuupelekea ushahidi mwingine. Tuuoneshe kwamba mtu huyu anahitaji uhai.

— Uhai unatangazwa wapi? Doti aliuliza.

— Kwenye harusi, Karani akasema.

Kuanzia Ijumaa tukaingia zamu. Kila aliyekaa alivaa koti la Hezroni lenye grisi, ili mashine isichanganyikiwe kwa harufu. Hilo lilikuwa wazo la Doti. Karani alikaa asubuhi akisoma matangazo ya kumbi moja baada ya jingine, kwa sauti, kama anasoma mashtaka. Doti alikaa baada ya swala ya adhuhuri akitazama magauni, akijadili na kioo ubora wa kitambaa. Mimi nilipewa jioni, nikatazama keki mpaka nikachoka na sukari ambayo sijaila. Samira alikuwa Mbeya wiki hiyo kununua vifaa. Ahmada alikaa kaunta na gazeti lake. Aliona wazee watatu wanapokezana koti moja chafu, akaamua asiulize.

Jumatatu asubuhi Hezroni aliingia. Tulisubiri nje. Alituita, tukabanana mlangoni, na kwenye kioo hapakuwa na jeneza hata moja. Yalikuwapo magauni meupe, tarumbeta, keki ya ghorofa nne, na gari lililofungwa riboni. Karani alimpa mkono kama anampongeza mtu aliyeachiwa huru. Hezroni alikaa pale akitabasamu mbele ya magauni, machozi yakimtoka, na ndivyo mkewe Asifiwe alivyomkuta, akipita kutoka sokoni na kapu la ndizi.

Asifiwe ni mwanamke mpole. Aliweka kapu chini, akatazama kioo, akamtazama mumewe, akatoka nje na kusimama mbele ya benchi letu mpaka sote tukakaa.

— Wiki iliyopita alikuwa anakufa, alisema. Ameshagawa baiskeli. Leo anaoa. Mimi nataka kujua tu, nyie wazee, niko katika ndoa au niko katika eda?

Karani alianza kueleza habari ya rufaa. Asifiwe alimsikiliza mpaka mwisho, akasema ndaga, tata, asante baba, nimekusikia, sasa aitwe mwenye mashine. Samira alikuwa ameshuka na basi la asubuhi ileile. Alikuja na begi lake begani, akasikiliza tangu tairi mpaka magauni, na nilimwona akijishika mdomo mara mbili.

Halafu alieleza, taratibu, akimtazama Asifiwe. Ukurasa haumjui Hezroni. Haumjui mtu yeyote. Baba yake dukani anaona uso wa mteja. Ukurasa hauna macho. Unachokijua ni kompyuta tu. Kitu kikitazamwa sana kwenye kompyuta ile, unaweka alama ndani yake, na yeyote atakayekaa baadaye unamletea kilekile, ukidhani ni mtu mmoja anarudi.

— Kwa hiyo mlipokaa siku tatu kwenye harusi, ukurasa ukaniletea harusi, Hezroni alisema.

— Ndiyo, pumzi zenu na koti lenu havikuhusika, Samira akajibu. Na alama hizo zinaonesha mwanzoni mwa mwezi kuna aliyekaa hapo siku nne akitazama majeneza tu, ndiyo maana ulikuta majeneza.

Benchi lilipumua. Doti alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Hezroni alicheka pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu iliyopita, kisha akakumbuka mpaka wa shamba na baiskeli nyekundu, akasema kesho anakwenda Ngonga kumwambia kaka yake kwamba amepona. Mkewe alimwambia baiskeli arudi nayo, mpaka auache pale kaka yake alipoutaka, angalau kitu kimoja kizuri kitoke katika upuuzi huu. Nilijaza vikombe vya wote.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa mgeni, Dickson, mwalimu aliyehamishiwa Njisi akitokea Singida, anasubiri gari la kumpeleka kituoni kwake. Alikuwa amesikiliza yote, sanduku lake katikati ya magoti. Sasa aliomba radhi kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa.

— Huyo aliyetazama majeneza siku nne, alisema, amefiwa na nani?

Kicheko kilikatika. Kompyuta ile ilikuwa na watu wanne tu, na wote wanne tulikuwa pale. Mimi nilikuwa nimetazama mpira. Doti Mwislamu, hana haja ya jeneza la kununua. Hezroni ndiye aliyelikimbia. Sikutaka kumtazama Karani, lakini macho hayaombi ruhusa. Alikuwa anakizungusha kikombe juu ya goti.

Tulijua mkewe, Mama Anyitike, anaumwa. Karani alituambia ni miguu, tukaamini miguu.

— Hajafa, Karani alisema. Daktari wa Mbeya alisema nimrudishe nyumbani apumzike. Hakusema mpaka lini, na mimi sikuuliza.

Hezroni ndiye aliyemuuliza kwa nini hakutwambia. Hakuuliza kwa ukali.

— Nikienda kwa seremala ataniuliza la nani. Nikiwaambia ninyi mtaniuliza imekuwaje. Ile mashine haikuniuliza kitu. Ilinionesha, nikatazama, nikaondoka. Siku ya tano sikuweza kurudi. Kisha Injinia akatoka mle ndani na majeneza yangu usoni, nikashindwa kusema ni yangu. Kila siku niliyokaa kimya ilizidi kuwa vigumu. Nikaona bora nimpiganie.

Nilikuwa nafikiri juu ya lile faili na tarehe zake mbili, nililolicheka moyoni nikidhani ni ujinga, na zile asubuhi alizokaa ndani ya koti la mwenzake akisoma matangazo ya kumbi kwa sauti.

Asifiwe alinyanyua kapu lake la ndizi kichwani. Alisema twende. Hakusema wapi. Doti alifunga bando la kanga, Samira akamwachia baba yake begi, Hezroni akampa Karani mkono kumsaidia kuinuka ingawa Karani hakuhitaji kusaidiwa. Mwalimu Dickson alisimama pia, akiona aibu ya kubaki peke yake, na sanduku lake akaja nalo. Mimi nilibeba birika na vikombe kwa sababu sikujua nibebe nini kingine.

Nyumba ya Karani si mbali, ni nyuma ya maduka, migomba imeizunguka. Tulikwenda kwa mstari mmoja kwa sababu ya matope, hakuna anayezungumza, Karani mbele. Mama Anyitike alikuwa ameketi kibarazani kwenye mkeka, blanketi mabegani, anachambua mchele ndani ya ungo. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikwenda haraka. Alisikia nyayo, akainua kichwa. Akamwona mumewe. Nyuma yake akamwona mwanamke na kapu la ndizi, fundi baiskeli, Doti na kanga kwapani, binti wa Ahmada, mtu mgeni na sanduku, na mimi na birika la kahawa, wote kimya, wote tumeinamisha vichwa.

Aliweka ungo chini. Akavuta blanketi, akajiandaa kusimama kama inavyompasa mwenye nyumba anapoletewa habari.

— Jamani, poleni, alisema. Nani amefariki?

Tulisimama pale uani, watu saba, tukitazamana.