Kitambulisho Kilichokuwa Ndani ya Biblia Yangu

Kabla ya neno langu, natanguliza la Mungu. Sifa ni zake na rehema ni zake, na kama nimebaki na pumzi ya kuandika haya, ni kwa sababu Yeye hachoki na wazee wakaidi. Ndugu zangu, nawasalimu katika jina la Yesu.

Mchungaji aliniomba nitoe ushuhuda huu kwa mdomo. Nilisimama mbele yenu mara mbili, na mara zote mbili nikaketi kabla ya kufika kati. Kwa hiyo nimeuandika, ili machozi yasipate nafasi ya kunikatiza.

Mnanijua. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Gitothua, na kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa kupima kahawa katika shamba moja la Ruiru ambalo leo limejaa nyumba za kupanga. Ibada ya Jumatano ni mimi niliyekuwa nikiongoza maombi ya safari. Vijana waliweka pasipoti zao juu ya meza ya mbele, nami nilizishika moja moja na kuomba. Nimeombea wauguzi, madereva wa malori na walimu wa hesabu. Nimemwombea kijana wa Mugutha mwenye karakana ya viatu vya ngozi, aliyetaka visa ya wafanyabiashara na hakujua ataandikaje mpango wa biashara uliokuwa kichwani mwake tu. Kwa kuomba huko nilijifunza ni nani huenda kwa barua ya mwajiri, ni nani huenda kwa biashara yake, na ni miaka mingapi mtu hukaa kabla ya kupewa ukaazi wa kudumu. Wengi walipata. Nilianza kujiona kama mtu ambaye mkono wake una kitu.

Nina mtoto mmoja, Gloria Njoki. Mama yake alitangulia mbele za Bwana miaka sita iliyopita. Njoki ni jina la mama yangu mzazi, na kwa desturi yetu binti mwenye jina la mama yako humwiti jina. Unamwita Maitu, yaani mama. Ndivyo nilivyomwita tangu akiwa mchanga. Alisomea uhandisi, akaajiriwa katika kiwanda kimoja Thika, akisimamia boila za mvuke. Alirudi nyumbani ananuka mafuta ya mashine, akapika ugali, tukala tukizungumza. Ndugu zangu, sikuwa na mwingine wa kuzungumza naye mezani.

Siku moja aliniambia anataka kuhamia Kanada kwa njia ya wenye taaluma. Nilisema, "Mungu ni mwema, Maitu." Akaniomba nimsindikize hadi ofisi ya mshauri wa visa, Thika mjini, kwa sababu kulikuwa na tatizo la karatasi.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Alipanga vyeti viwili mezani.

"Hapa nina watu wawili," alisema. "Cheti cha kuzaliwa na pasipoti ni Groria. Shahada na vyeti vyote vya shule ni Gloria. Mzee, nani alimsajili huyu mtoto?"

"Ni mimi."

"Hebu taja jina lake."

Nikalitaja, likatoka Groria. Yule mama akavua miwani akacheka, na Gloria akacheka zaidi yake.

"Basi karani wa usajili hakukosea," mshauri alisema. "Aliandika alichosikia."

"Baba, hata Mungu akilitaja jina langu hutamwelewa," Gloria alisema huku akinigonga bega.

Nilicheka pia. Sisi wa huku herufi hizo mbili hutuchezea ulimini. Lakini mshauri alirudisha miwani na kutueleza kwa makini. Watu wa Kanada hutoa alama kwa elimu, kwa lugha, kwa kazi, na kwa umri. Alama za Gloria zilikuwa zimepita mstari kidogo tu. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na akishafika thelathini alama za umri zingeanza kushuka kila mwaka. Kwa hiyo jina lilipaswa kurekebishwa kabla ya siku yake ya kuzaliwa, mwezi wa nane. Mzazi aliyemsajili alipaswa kula kiapo mbele ya wakili kwamba Groria na Gloria ni mtu mmoja, kisha aende naye ofisi ya usajili akiwa na kitambulisho chake. Mama yake hayupo. Nilibaki mimi.

Nikauliza swali moja. "Na akishafika huko, anaweza kwenda na nani?"

"Mume na watoto, kama angekuwa nao. Hao ndio wategemezi wake."

"Na mzazi?"

"Mzazi hahesabiwi, mzee. Labda baadaye, akishapata ukaazi wa kudumu, aombe kukuita. Na hapo pia ni kama bahati nasibu. Wengi huomba, wachache huitwa."

Nilirudi nyumbani na neno hilo. Nilikuwa nimezika mama, nimezika mke, na sasa wa tatu, Maitu wangu, alikuwa anaondoka, na karatasi zilisema mimi si wake. Ilikuwa mwezi wa tano. Biblia yangu ina jalada la ngozi ya kahawia lenye zipu. Nilifumua kidogo bitana ya ndani, nikakisukuma kitambulisho changu humo, nikashona mahali pale kwa uzi uliokuwa karibu. Kisha nikamwambia mtoto wangu kwamba kitambulisho hakionekani.

Ndugu zangu, sitaki kuipamba dhambi hii. Alipekua nyumba nzima. Alikung'uta magodoro. Aliposema, "Baba, twende polisi tuchukue barua uombe kingine," nilimjibu tusubiri, kitaonekana. Nilisema hivyo wiki baada ya wiki. Jumatano moja alisimama kanisani akawaomba mniombee mimi baba yake kitambulisho kipatikane, nanyi mliomba. Baadhi yenu mlifunga. Mimi ndiye niliyeongoza maombi hayo, pasipoti yake mkono wa kushoto na Biblia mkono wa kulia. Nilisema Amina kuwazidi wote. Na nilipoketi, moyoni nilimwambia Mungu asisikilize.

Agosti ilifika. Siku aliyotimiza miaka thelathini hatukusherehekea. Asubuhi akielekea kazini aliona zipu ya Biblia yangu imeharibika, akaichukua kimyakimya akaipeleka kwa ndugu Wafula ili anitengenezee. Siku yake ya kuzaliwa, na ni mimi aliyekuwa ananifikiria.

Wafula ni mzee mwenzangu kanisani, fundi wa cherehani, mtu wa Bungoma, na hufanya mzaha hata msibani. Kwa muda mrefu alikuwa akinitania kuhusu jina hilo. "Ninyi mlinyimwa herufi moja," angesema. "Sisi hugeuza b kuwa p, tunamwita baba papa, na hakuna ubalozi umetulalamikia." Lakini alasiri hiyo alipoingia kwangu hakuwa na utani. Aliweka Biblia mezani, zipu mpya, na juu yake akaweka kitambulisho, picha ikinitazama.

"Baba Gloria, maombi yamejibiwa," alisema.

"Kumbe ndiko kilikoanguka," nikasema.

"Mzee wangu, mimi nimeshona miaka thelathini. Kitu kikianguka hakijishonei mlango nyuma yake. Tena uzi mweusi kwenye ngozi ya kahawia. Aliyeshona hii si fundi."

 Alijaribu kuketi, kisha akasimama tena.

"Utamwambia?" nikamuuliza.

"Mimi? Mimi ni fundi wa zipu. Zipu nimeleta." Alishika mlango. "Sisi tuliomba kipatikane. Wewe mwambie mtoto kimepatikana wapi."

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Jumamosi asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba akifua ovaroli zake za kazini. Nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamwambia yote, bila kuruka hata uzi mweusi. Hakuacha kufua. Alisuuza ovaroli ya kwanza, akaikamua, akaianika. Akarudi akachukua ya pili.

"Baba, kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Niliogopa utaenda."

"Hapana. Nauliza, kwa nini hukuniambia nisiende?" Sasa alikuwa amesimama, maji yakimchuruzika viwikoni. "Ungesema tu, Maitu, usiniache, mimi ningebaki. Nilikuwa nangojea useme. Wewe kila siku ulisema Mungu ni mwema."

"Basi nasema sasa," nikamwambia. "Usiniache."

"Sasa siwezi kukaa," alisema. "Nikibaki nitakuwa nakuchunga usinifiche kitu tena."

Ndugu zangu, nimezika watu wawili niliowapenda, na hakuna neno la mazishi lililonikata kama hilo. Ukweli ungenipa bure kile nilichojaribu kukiiba. Tangu siku hiyo aliacha kuniita Baba. Aliniita Mzee, kama wanavyoniita majirani na makondakta. Chakula alipika, dawa zangu alinikumbusha, hakunikosea heshima hata siku moja. Lakini meza yetu ilinyamaza.

Jumatatu tulienda kwa wakili, Thika. Alinisomea kiapo: kwamba mimi ni baba mzazi, kwamba jina liliandikwa vibaya, kwamba haya ninayoyasema ni kweli kwa ufahamu wangu wote. Akanipa kalamu. Sikuweza kuishika. Nilikumbuka kwamba kwa miezi mitatu nilikuwa nimesimama madhabahuni na sikusema mbele za Mungu hata neno moja ambalo ningeweza kuliapia. Nililia katika ofisi ile mbele ya watu waliokuja kwa mambo ya mashamba na magari. Wakili alidhani naumwa. Gloria hakunigusa, lakini hakutoka nje pia. Alisimama kando yangu hadi nikatia sahihi.

Wengine hufunguliwa kwenye mikutano mikubwa. Mimi Bwana alinifungua hapo, kati ya mihuri na kabati la mafaili. Sikuona mwanga wala kusikia sauti. Nilichosikia ni kwamba nimechoka kusema uongo, na kwamba Mungu alikuwa amechoka kuusikia kabla yangu. Jumapili iliyofuata nilimweleza mchungaji yote na kuomba niondolewe kwenye maombi ya Jumatano. Nilikaa benchi la nyuma zaidi ya mwaka.

Jina lilirekebishwa. Lakini tuliporudi kwa mshauri, aliingiza umri mpya, akatazama, akatikisa kichwa. Alama zilikuwa zimeshuka chini ya mstari. "Mngekuja Julai," alisema.

Akatuonyesha njia nyingine. Ujerumani huchukua wahandisi ambao shahada zao zimetambuliwa na ambao wamepata mwajiri, lakini kwa kazi ile mwajiri alitaka lugha yao. Gloria akaanza Kijerumani. Mwaka na nusu alitoka kiwandani akaenda darasani, akarudi amechoka, akarudia maneno yake magumu jikoni. Sikuwa na la kufanya ila kumchemshia chai. Nilimchemshia kila jioni. Wakati mwingine aliinywa, wakati mwingine nilikuta imepoa pale nilipoiweka.

Alipata mwajiri. Alipata visa. Asubuhi ya kuondoka, masanduku yakiwa mlangoni, alikuja mbele yangu akanyoosha viganja apokee baraka kwa desturi yetu. Baba yangu aliwahi kunibariki hivyo. Nilimtemea mate kidogo viganjani, nikamwambia, "Nenda kwa amani. Uendako usikose maji, usikose watu." Nilisema hayo bila kificho chochote ndani yangu, na iliniuma kuliko uongo wote niliousema. Akajipaka viganja usoni. Kisha akaondoka.

Sasa hupiga simu Jumapili. Mwanzoni tulizungumza dakika chache, habari za hali ya hewa na dawa. Mwezi uliopita alikuwa anangoja kibali chake cha ukaazi kifanywe upya, na sauti yake ilikuwa na wasiwasi. Akasema, "Niombee, Baba."

Ndugu zangu, alisema Baba.

Nikamwambia, "Niombe nini? Maombi yangu unayajua."

Akanijibu, "Omba unachotaka kweli."

Basi nikaomba kwenye simu, yeye akisikia. Nikasema, "Bwana, unajua nataka arudi nyumbani. Nyumba hii ni kubwa mno kwangu. Lakini mpe kibali chake, na umshike huko, kwa sababu huko ndiko mahali pake sasa." Alilia, nami nililia. Kibali alipata wiki mbili baadaye. Lakini namshukuru Mungu kwa yale maombi kabla sijamshukuru kwa kibali, kwa maana yalikuwa ya kweli kutoka neno la kwanza hadi la mwisho.

Wewe mzazi unayesoma haya, ambaye mtoto wako ana fomu za kwenda ng'ambo mezani, mwambie unaogopa. Mwambie leo, kwa maneno mepesi, kisha umwachie Mungu jibu lake. Mtegemee Bwana hata pale ambapo karatasi hazikuhesabu. Mimi nimezeeka ndani ya kanisa na nilikuwa sijamtegemea. Nilikuwa namtumia tu. Yeye hakunitupa.

Na Mungu wa rehema akuketishe mezani pamoja na wote uwapendao, walio karibu na walio mbali. Akupe kinywa kisichoogopa ukweli na mikono inayojua kufunguka. Uwe mtoto anayeondoka au mzazi anayebaki, asikuache peke yako. Amina.