Ngoja Nimalize Huu Mshono: Maisha ya Fundi Rugema Félicien

Wazee wa kanisa, majirani wa Kasenga, wateja wake wa miaka yote, na ninyi mlioteremka kutoka milimani kwa miguu tangu jana, familia imenituma mimi Libérat, mdogo wa marehemu, niwasomee njia aliyoipita kaka yetu, na imenisihi nisome polepole, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuishi polepole, isipokuwa mwishoni.

Rugema Félicien alizaliwa mwaka 1921 katika milima iliyo juu ya Uvira, mtoto wa kwanza wa mzee Twizerimana, mfugaji, na mama Mukamusoni, siku yenyewe haijulikani, ila kanisa lilipombatiza Jumapili tarehe 6 Januari 1935 mwandishi alihitaji tarehe ya kujaza, akamwandikia 4 Juni, naye akaikubali ili mstari usonge mbele. Alisoma miaka mitatu katika shule ya misheni, akajua kusoma, kuandika na kuhesabu, na mwalimu wake alimlalamikia kwa baba yetu kwamba mtoto huyu hujibu swali kabla halijaisha kuulizwa, jambo ambalo baba alilichukua kama sifa, ingawa mwalimu hakuwa anasifu.

Mwaka 1938 alivuka mpaka kwenda Usumbura, upande wa Burundi, akapokelewa na fundi mmoja mzee wa mtaa wa Buyenzi aliyemfundisha kushona kwa miaka minne na nusu, na katika yote aliyofundishwa lipo moja lililomwingia hadi kwenye mifupa, nalo ni kwamba mshono ukishaanza mguu haunyanyuliwi mpaka ufike mwisho, maana ukisimama katikati, mahali uliposimama pataonekana daima. Kwa nguo ni kweli kabisa, na ninyi mliovaa nguo zake mnajua jinsi mishono yake ilivyonyooka, lakini kaka yetu aliichukua sheria ya kitambaa akaifanya sheria ya maisha, na hapo ndipo sisi nduguze tulipoanza kumkosa tukiwa naye nyumba moja.

Alirudi Uvira mwezi wa Februari 1943, akaweka cherehani yake ya kukanyaga kwenye baraza hapa Kasenga, na tangu siku ile ukimwita kula, ukimwita kusalimia mgeni, ukimwita kuona mtoto anayetembea kwa mara ya kwanza, jibu lilikuwa moja, bila hasira na bila kuinua kichwa, "Ngoja nimalize huu mshono." Mwaka 1945 baba yetu alishuka kutoka milimani na chombo cha maziwa alichokibeba kichwani mwendo wa siku mbili, akampa mwanawe, naye Félicien akayapokea kwa mkono mmoja na kuyanywa huku mguu ukikanyaga, yeye mtoto wa wafugaji, aliyefunzwa tangu ananyonya kwamba maziwa hunywewa mtu ameketi na ametulia. Baba alikichukua chombo kikiwa bado na maziwa nusu, akamwambia, "Weye unakunywa maziwa ya ng'ombe zangu na mguu inatembea?" akapanda mlima siku ileile, na ilichukua mwaka mzima na safari tatu za kuomba radhi mpaka akacheka kuhusu jambo hilo.

Jumamosi tarehe 12 Aprili 1947 alifunga ndoa na Nyiransengimana Pélagie, binti wa wakulima wa mpunga wa Bwegera, ambaye tunaye hapa mbele, na tunasema kwa heshima yake yote kwamba siku hiyo alisimama mlangoni mwa kanisa muda mrefu sana, wageni wakitazamana, kwa kuwa bwana arusi alikuwa nyumbani akimalizia koti lake mwenyewe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Harerimana mwaka 1948, Generose mwaka 1952, na baada ya kungoja sana, tarehe 2 Februari 1960, Nyiramahoro Agnès, aliyezoea kukaa chini ya meza ya cherehani na kuokota vipande vya kitambaa, na ambaye baba yake alimfundisha kuimba bila kuacha kushona, wimbo mmoja wa safari tunaouimba kanisani, ukawa wimbo wao wawili.

Mwaka huohuo nchi yetu ilipata uhuru, na kwa majuma mengi kaka yetu alishona bendera, na vitambaa vya mkononi, na mashati ya watu waliotaka kuupokea uhuru wakiwa wamependeza, na tarehe 30 Juni ulipopita barabarani kwa ngoma na vigelegele yeye alikuwa ndani anashona bendera za waliochelewa, hata akawa na mazoea ya kusema, akijicheka, kwamba uhuru aliusikia ila hakuuona. Nasi tulicheka naye, tukidhani ni kasoro ya mtu mwenye bidii, na kama ingeishia hapo karatasi hii ingekuwa fupi.

Katikati ya Mei 1964 waasi waliuteka mji wa Uvira, na siku ya nne wakaja kwenye baraza hili wakamchukua yeye pamoja na cherehani, na fundi mwingine aliyeitwa Marcellin, wakawaweka katika nyumba ya mfanyabiashara mmoja aliyekuwa amekimbia, kwenye barabara hii hii iendayo makaburini, madirisha yakapigiliwa mbao, na mlinzi akawekwa nje. Kazi yao ilikuwa kushona vifuko vidogo vya kuvaa shingoni, ambamo mganga wao alitia dawa ya kuwakinga wapiganaji na risasi, na mganga huyo aliweka mwiko kwamba tangu jua linapochomoza mpaka linapozama cherehani isinyamaze, kwa kuwa ikinyamaza dawa itatoka, basi mmoja akichoka anampisha mwenzake, na mguu mmoja unashuka mwingine ukipanda. Kaka yetu, ambaye maisha yake yote alikuwa hakubali kusimama, sasa alikuwa mahali ambapo kusimama kumekatazwa, na alituambia baadaye kwamba kufikia mwezi wa pili alikuwa akikitamani kimya kama mtu anavyotamani maji, na mchana wote hakukipata.

Mama Pélagie alimpelekea chakula kila siku saa kumi za jioni, mlinzi akakipokea langoni, na kwa kuwa kuitana kwa jina kulikatazwa, alikuwa akikohoa mara mbili, naye kaka yetu, aliyechukua zamu ya saa hiyo, akikitambua kile kikohozi, aliinua mguu kwa muda wa pumzi moja, kama mtu anayepitisha uzi, kisha akaendelea, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mke na mume. Mwezi wa Julai sindano ilimvunjikia Marcellin, cherehani ikanyamaza kupita kiasi, na Marcellin alipigwa mpaka akashindwa kukaa, na tangu hapo kaka yetu alijibu kikohozi siku moja akaacha siku mbili, kwa sababu aliogopa, na hatuoni aibu kulisema, aliogopa sana.

Mwezi wa Agosti surua iliingia Kasenga. Nyiramahoro Agnès alifariki usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 18 Agosti 1964, akiwa na miaka minne na miezi sita, mlinzi alikataa kupeleka habari ndani, akisema habari za kifo zinaharibu dawa, na Jumatano tarehe 19 tulimbeba kwenda kumzika, watu kumi na wawili tu kwa kuwa wengine waliogopa kutoka. Mama Pélagie aliomba jeneza lisimamishwe mbele ya ile nyumba, na tukasimama, tukaimba ule wimbo wa safari, wimbo wao, beti mbili nzima, naye akakohoa mara mbili, na mara mbili tena, sote tukisikiliza cherehani ikiwa ndani nyuma ya mbao, tukingoja inyamaze kwa pumzi moja tu, ili mtoto awe ameagwa na baba yake. Haikunyamaza. Iliendelea, tena ilikuwa ikienda sawasawa na wimbo, na mlinzi alipoinua bunduki tukabeba tukaenda.

Waasi walipoukimbia mji mwanzoni mwa Oktoba, mlango uliachwa wazi, Marcellin akavuka kwenda Burundi na hatujapata habari zake mpaka leo, na kaka yetu akaja nyumbani amekonda, akasalimu kila mtu, akainama akatazama chini ya meza, akauliza, "Kadogo iko wapi?" Alipoambiwa, na kuambiwa siku, na kuambiwa mahali jeneza liliposimama, alikaa chini mavumbini, akasema hakujua, na mama Pélagie akamjibu, "Nimesikia," akaingia jikoni, na kwa miaka minne hawakulitaja tena.

Hilo ndilo lililokuwa katikati ya nyumba yao, na ninyi majirani mlilizunguka bila kulijua, kwamba mke hakuweza kuamini kuwa mume hakusikia, na mume hakuwa na shahidi, kwa sababu shahidi pekee, Marcellin, alikuwa ng'ambo. Tangu mwezi ule, kila siku saa kumi za jioni, alinyanyua mguu popote mshono ulipofika, hata katikati ya kola, akatoka kukaa kwenye benchi mbele ya barabara, na jeneza la mtu yeyote likipita, la jamaa au la mgeni, alisimama mpaka lipotee. Wateja walinung'unika, wengine walisema uasi umemharibu kichwa, wengine wakamtania kwamba fundi sasa amekuwa chef de poste, mkuu wa kituo anayekaa kutazama wapitao. Mama Pélagie naye alitoka, akakaa upande wa pili wa benchi na sinia la maharage, wakakaa hivyo bila neno, na wakati wote huo mguu wa kulia wa kaka yetu uliendelea kukanyaga chini wenyewe, hapo kwenye benchi, na kanisani wakati wa maombi, na hata usingizini, kwa maana mlango wa ile nyumba ulifunguliwa lakini mguu ulibaki ndani. Mwaka 1966 baba yetu alifariki milimani, njia zikiwa zimefungwa na vita, kaka yetu akashindwa kupanda kumzika, na siku hiyo alikaa kwenye benchi tangu asubuhi, akituambia kwamba sasa anaujua uzito wa mtu kungojwa asifike.

Kifua kilianza kumsumbua mwishoni mwa 1967, na tarehe 11 Machi 1968 daktari alimwambia aache kushona kabisa, akaacha, cherehani ikafunikwa shuka, na benchi ikawa kazi yake. Alhamisi tarehe 3 Oktoba mwaka huu, saa kumi, mama Pélagie aliweka sinia chini, akamgeukia, akamwuliza kama siku ile ya mtoto aliwasikia, naye angeweza kujitetea kwa mlinzi, kwa mganga, kwa kipigo cha Marcellin, lakini hakufanya hivyo, alisema, "Nilisikia wimbo. Bantu, minye sikubasikia, hata kukohoa yako. Nilifurahi kuisikia, mguu ikaifuata." Mama Pélagie akamwambia, "Miaka ine niko nafikiri ulijua ni siye, ukaogopa," naye akamjibu kwamba kuogopa aliogopa kila siku, lakini siku ile hakuogopa, siku ile alikuwa anamkumbuka mtoto, na ndiyo maana hakusimama. Mama Pélagie alilia, akaweka mkono wake juu ya goti la mumewe, na giza likawakuta hapohapo, na aliyewaita kula hakuitikiwa.

Mama Pélagie ametuomba haya yasomwe mbele yenu kama yalivyo, na ametuomba tuongeze kwamba yeye pia alikuwa na mshono wake, kila siku akijiambia atauliza kesho, akishamaliza maharage, akishaondoa nguo kwenye kamba, na kwamba katika miaka ishirini na moja ya ndoa walikaa pamoja wiki saba, wakizungumza mchana kutwa habari za Nyiramahoro, na za Bwegera, na za mambo yasiyo na maana yoyote. Kaka yetu alifariki kwenye benchi hiyo Jumapili tarehe 24 Novemba 1968, saa tano asubuhi, mama Pélagie akiwa katikati ya habari ya mbuzi wa jirani, na anasema alijua kwa sababu aliuona mguu umetulia.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliomtibu, inawashukuru mafundi wenzake wa Kasenga walioshona sanda, inawashukuru majirani waliopika na kulala nje siku hizi mbili, na kanisa lililotuimbia. Inawaomba pia wote walioacha vitambaa kwake waje wavichukue, viko kabatini, kila kimoja na jina, na vingi havijakatwa, kwa kuwa mwaka huu hakuvigusa, na kwa hilo, mtuwie radhi, hatutaomba msamaha.

Lala, Félicien, hakuna tena anayekungoja umalize.