Karai la Maji la Marehemu Yotamu Sifaeli Mwampashi (1966–2025)

Kaka yetu Yotamu alizaliwa Iyunga, Mbeya, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili wa Mzee Sifaeli Mwampashi. Mimi ninayesoma ni Ikupa, mdogo wake. Alinibeba mgongoni mpaka nikaanza kuona aibu.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Iyunga, kisha sekondari mkoani Iringa, akamaliza kidato cha nne mwaka 1985. Hisabati ilimshinda, wala hakuficha.

Mwaka 1988 alikwenda Moshi kumsalimia mjomba, akabaki huko huko. Alianza kama mpagazi wa watalii Mlima Kilimanjaro, baadaye akawa mwongozaji. Kilichomshika kule ni pofu, wanyama wakubwa kama ng'ombe, wanaopanda hadi kwenye nyasi za juu kabisa. Walikunywa kwenye kijito kilichotoka chini ya barafu.

Tarehe 9 Julai 1994 alifunga ndoa na Tupokigwe. Alimletea bibi harusi kipande cha barafu ya mlimani ndani ya chupa ya chai. Basi lilipofika Mbeya kilikuwa kimeshayeyuka. Shemeji akachungulia, akasema, "Kumbe umeniletea maji ya bomba." Waliyanywa pamoja, na sisi tukacheka miaka mingi.

Barafu ilizidi kurudi nyuma, kijito kikakauka. Septemba 2011 Yotamu alimkuta pofu jike na ndama wake wamesimama kwenye mawe makavu. Wapagazi walikuwa na madumu ya maji ya wageni, naye akawaamuru wasonge mbele. Waliposhuka, ndama alikuwa amekufa, mama yake bado amesimama pale pale. Mwaka huo huo aliacha kazi, akarudi Iyunga kulima viazi.

Tangu hapo kila jioni aliweka karai la maji nyuma ya nyumba. Tulimwambia huku hakuna pofu. Akanijibu taratibu, "Huwa anakuja, Ikupa. Hanywi. Ananiangalia tu." Sikumuuliza tena, maana niliogopa.

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua, na madaktari wakampimia maji ya kunywa. Alishinda na kiu bila kulalamika. Alisema anastahili. Mimi nilikataa, na leo mbele ya jeneza lake bado nakataa. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 18 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ndugu waombolezaji, siku ya kwanza ya msiba wengi wenu mlinawa mikono kwenye karai lile. Hamkujua. Shemeji aliyamwaga maji yale, akajaza mengine, akafunga mlango wa nyuma. Kulipokucha tulilikuta tupu. Tumeuliza nyumba nzima, na hakuna aliyeligusa.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, Ombeni na Happy, wajukuu watatu, na sisi ndugu zake.

Pumzika kwa amani sasa, kaka. Amekunywa.