Shangazi na Kompyuta ya Chini ya Meza

Kwa heshima na taadhima, ofisi inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki kwamba kompyuta kuukuu iliyokuwa chini ya meza ya dirishani imezimwa rasmi. Haikuugua. Feni yake ilinguruma mpaka dakika ya mwisho, kama mtu anayekoroma kikaoni. Imeacha soketi moja ya umeme, vumbi la kutosha kupandia maharage, na paka wa jengo la pili aliyekuwa akija kuota joto lake kila asubuhi ya baridi. Rambirambi zipelekwe kwa paka.

Habari nyingine, ndogo kidogo, ni kwamba mwenye meza naye anaondoka. Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Shangazi anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu.

Kwa wageni: Shangazi si shangazi yetu. Ni shangazi wa mhasibu wetu, ambaye siku yake ya kwanza kazini alisahau kwamba hayuko nyumbani, akaingia kikaoni na kusema, “Shikamoo, shangazi.” Basi ikawa imekwisha. Kila mtu alifuata, hata mkurugenzi, ambaye kwa umri angefaa kuwa kaka yake mkubwa. Mwenyewe alilipinga jina hilo kwa muda, kisha akaona ni kutwanga maji kwenye kinu.

Kazi yake ilikuwa kutunza maktaba. Si ya vitabu, ingawa wifi yake alishawahi kumletea watoto wa mtaa mzima waje kuazima hadithi. Maktaba yetu ni mkusanyiko wa programu za kufungia siri. Zahanati inapotuma majibu ya mgonjwa, au mtu anapomtumia mama yake hela kwa simu, huenda kufuli lililo katikati ni letu. Tena ni programu huria: yeyote duniani anaruhusiwa kuisoma, kuitumia bure, kuikosoa na kuleta marekebisho. Wakosoaji ni wengi kama mvua. Wa kuleta marekebisho huja mmoja mmoja, na wa kuhakikisha kwamba marekebisho ya huyu hayakuvunja ya yule alikuwa Shangazi.

Hitilafu aliyoivumbua na kuikomesha, ambayo mpaka leo wageni hutuuliza habari zake, ilikuwa ndogo kwa sura. Programu ilipopewa neno la siri lisilo sahihi, ilikagua herufi moja baada ya nyingine na kulikataa mara tu ilipokuta kosa. Sasa, mwizi mwenye subira angeweza kupima muda wa kukataliwa: akikataliwa upesi, amekosea mwanzoni, akikawia kukataliwa, anakaribia. Ni kama mlinzi wa geti ambaye uso wake unaeleza siri zote za nyumba. Shangazi aliandika upya sehemu ile, herufi zote zikaguliwe hadi mwisho hata kama ya kwanza imekosewa. “Ukimnyima mtu,” alituambia, “mnyime kwa uso uleule.” Alitumia kanuni hiyohiyo kwa maombi yetu ya ruhusa. Mimi nimewahi kukataliwa bila kujua kama nilikaribia.

Lakini wengi tutamkumbuka kwa vikombe.

Ieleweke kwamba maandishi ya programu peke yake ni kama ramani ya nyumba. Lazima kompyuta iyachukue na kuyajenga ndipo yafanye kazi, na ujenzi huo una vituko vyake. Leo unakubali kwa mmoja, kwa mwenzake unagoma. Aliyekubaliwa basi hujibu kwa kiburi, “Kwangu inakubali,” na kurudi kunywa chai yake. Shangazi aliichukia sentensi hiyo kama mwenye nyumba anavyochukia mchwa. Akatunga sheria: atakayeitamka ataosha vikombe vya ofisi nzima wiki hiyo. Hakuna aliyesalimika. Mkurugenzi ameosha. Mhasibu ameosha, na hata kompyuta ya kujengea hana. Aliitamka akizungumzia mashine ya kuchapia. Mimi nimeosha mara nyingi kiasi kwamba mke wangu alidhani nimehamishiwa jikoni. Shangazi peke yake, katika utumishi wake wote, hakuwahi kugusa sifongo.

Alishaomba kuondoka mara mbili. Mara zote mbili tulimlilia abaki, akabaki. Mume wake, ambaye wote tunamwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha hesabu, alitangulia kwenye nyumba yao mpya, akapanda bustani, akafuga kuku, akachoka kuzungumza na kuku. Akawa anapiga simu ya mapokezi. “Jamani, mnanirudishia lini mke wangu? Niliwaazima, sikuwapa zawadi.” Tulicheka, lakini simu ikikatwa tuliangaliana. Tulijua kwamba maktaba ikigoma kujengwa siku ya kuondoka, Shangazi hatakwenda popote, na safari hii Mwalimu hatatusamehe.

Kwenye ratiba mmesoma kwamba sherehe hii iliahirishwa kwa sababu ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Ukumbi kweli ulipakwa rangi. Mlango tu. Kwa kuwa Shangazi mwenyewe ametoa ruhusa, na kwa kuwa kuficha ni kazi ya maktaba, si ya makala hii, acha nieleze lililotokea.

Ijumaa ile ya makabidhiano Mwalimu alikuwa chini, gari limejaa maboksi na shada la maua ya plastiki ambalo hakuna aliyekubali kuwa ni lake. Juu, mrithi wa Shangazi alifungua kompyuta mpya kabisa ili ajenge toleo lake la kwanza. Mrithi huyu tunamwita Mpole, kwa sababu si mpole. Akaanza kujenga. Ikagoma. Akarudia. Ikagoma palepale.

Nikajaribu kwenye yangu, ikakubali. Nililimeza lile neno likiwa limeshafika kwenye meno. Wengine wakajaribu, zikakubali. Ndipo Mpole akauliza, “Hizi kompyuta zenu, ni nani aliziandaa?” Ni Shangazi. Kila mfanyakazi mpya alipewa kompyuta ambayo Shangazi alishainakilia kila kitu kutoka kwenye ile iliyo chini ya meza. Hii ya Mpole ilikuwa ya kwanza kutoka dukani bila kupita mikononi mwake.

Shangazi alivuta kiti, akainamia kompyuta yake kuukuu, akajenga. Ikapita bila hata kukohoa. Akageuka, miwani ikiwa imeshuka puani, akasema kwa mshangao wa kweli:

“Mbona kwangu inakubali?”

Mhasibu alikuwa mlangoni na trei ya vikombe vichafu. Aliitua tu mezani, taratibu, mbele ya shangazi yake.

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshashika simu. “Ngoja nimwambie Mwalimu ashushe maboksi,” alisema. “Niongezeni mwezi mmoja.”

“Shangazi,” Mpole akamwambia, “ukigusa kibodi leo hutoki humu mpaka uzikwe. Kaa pale.” Akamwonyesha kiti changu. Shangazi akakaa, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kushika keki. Sijawahi kuona mtu akipata tabu kiasi kile kwa kutofanya kazi.

Tulitafuta wenyewe. Tulikuta faili moja ndogo ya maelekezo, inayoiambia kompyuta ianze na kipande kipi na imalizie na kipi. Aliiandika mwaka wake wa kwanza, akaiita “ya muda”, akaisahau. Haikuwahi kuwekwa kwenye hazina ya pamoja ambako dunia nzima inachukua programu zetu. Iliishi chini ya meza yake, ikanakiliwa kwetu sote kimyakimya. Ndiyo maana mchangiaji wetu wa nchi ya mbali, anayejijengea mwenyewe wakati wengine huchukua zilizokwisha kujengwa, tunayemwita Jirani kwa jinsi anavyotuandikia kila siku kana kwamba yuko ng’ambo ya ua, amelalamika miaka yote kwamba kwake inagoma. Nasi, kwa adabu kubwa, tulikuwa tukimjibu kwamba kompyuta yake ni mbovu.

Tukaiweka faili kwenye hazina. Kisha Mpole akasema kwamba haitoshi. Lazima ijengeke huku ile kuukuu imezimwa, la sivyo hatutajua kama tumepona au tunajidanganya. Hakuna aliyetaka kuibonyeza. Shangazi akainuka, akapiga magoti chini ya meza, akaizima mwenyewe. Ukimya ulioingia chumbani tulikuwa hatujawahi kuusikia. Paka aliondoka.

Mpole akaanza kujenga. Mistari ikateremka kwenye skrini. Hakuna aliyekaa. Majaribio yakapita moja baada ya jingine, hadi la mwisho, na pale juu pakatokea neno tulilokuwa tukilisubiri. Mpole akamkumbatia mhasibu, mimi nikamkumbatia mkurugenzi, jambo ambalo sote wawili tumekubaliana kutolizungumzia tena. Baada ya muda Jirani naye akatuma ujumbe: “Imejengeka. Naona kompyuta yangu imepona.”

Shangazi alisoma ujumbe ule, akapumua kama mtu aliyetua ndoo ya kichwani. Akakunja mikono ya blauzi, akachukua trei, akaenda jikoni. Aliviosha vyote, na changu pia, ambacho chai ilikuwa imekipaka rangi ya ukuta. Wiki yote iliyofuata alikuja kila asubuhi kuosha, kwa sababu sheria ni sheria, na hiyo ndiyo sababu halisi ya sherehe kusogezwa mbele. Mwalimu alikuja naye na kitambaa, akawa anafuta.

Asante, Shangazi, kwa kila kufuli ulilolikaza na kila mmoja wetu uliyemnyima kwa uso uleule. Nenda kapumzike na Mwalimu na kuku wake; maisha yenu huko yawe mema, marefu, na yasiwe na skrini.

Maktaba imegoma mara moja tangu uizime ile kompyuta. Ilikuwa Jumanne hii, ukiwa umeshamaliza vikombe. Tuliitengeneza wenyewe, na hakuna aliyekupigia simu.