Athman Hakuaga

Nyuma ya maduka ya vitambaa ya Biashara Street kuna benchi la mbao linalonung'unika likikaliwa na watu watatu, na mbele yake Abdulrauf wa Lamu humimina kahawa chungu kutoka birika la shaba. Kila alasiri Kasyoki, fundi wa simu, hukaa upande mmoja. Nayan, ambaye baba yake ana duka la spea, hukaa upande wa pili. Katikati hukaa Athman, muuza manukato, ambaye hakuna anayemwita Athman. Ni Wakili. Ugomvi wote wa landlord na wa askari wa kanjo huletwa kwake, maana kila mtu anajua alimaliza sheria chuoni na sasa anangoja tu kuapishwa. Ukweli ni kwamba aliacha mwaka wa tatu. Jina walimpa kwa utani, naye hakulikataa, akalivaa hadi likamkaa.

Siku hiyo Nayan alikuwa ameacha shule ya udereva kwa mara ya pili, akataka kujua kwa nini watu huacha mambo katikati.

— Ni ngazi, buda, Kasyoki akasema. Class iko juu kabisa na lift imekufa. Msee anapanda wiki mbili, magoti inakataa.

— Na driving school iko na ngazi gani? Nayan akauliza. Mimi naona ni usingizi. Mtoto wa Nairobi anaamshwa saa kumi tangu nursery. Akifika campus, mwili inadai usingizi yake yote.

Abdulrauf alisema ni chai ya maziwa, inalegeza mishipa, mnywa kahawa humaliza alichoanza. Kasyoki akampita: kila kozi ina watu wanaochaguliwa kisirisiri waiache, ndiyo wengine wapate pa kukaa. Kisha akageuka.

— Wakili, wewe ndio ulimaliza. Wale waliacha, shida ilikuwa nini?

— Uvivu tu, Athman akasema. Hawakuwa serious.

Maneno yalimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashtuka.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyevaa nguo za ofisini aliposimama kununua kahawa. Alimtazama Athman, kikombe kikabaki hewani.

— Athman?

Kasyoki na Nayan wakatazama huku na huku, Athman ni nani.

— Mimi Nzula. Si tulikuwa discussion group moja?

Alifurahi kweli, masikini, na furaha ikamfungua mdomo. Akasimulia jinsi walivyomwekea kiti wiki baada ya wiki, simu yake haishiki, mpaka mtu mmoja akaleta habari za ajali ya Waiyaki Way. Mwalimu aliwasimamisha darasa zima, wakanyamaza kwa heshima yake.

— Hukuaga, akasema, so tukadhani umeaga.

Kasyoki alicheka peke yake, kisha akaelewa, akaacha. Athman alikodolea macho viatu vyake. Kule kuacha masomo alikuwa amekwisha kuzoea. Aibu iliyomshika sasa ilikuwa ya kuombolezwa ilhali yuko hai, anauza marashi mtaa wa pili.

Nzula hakuja kumuumbua mtu. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua.

— Lakini mbona hukutuambia tu? Kwani mtu akiacha kitu, ni nini ngumu kusema nimeacha?

Nayan, ambaye baba yake bado aliamini yuko kwenye gari la mafunzo, alichungulia kikombe chake. Abdulrauf alipangusa birika lililokuwa safi. Nzula akawapa mkono mmoja mmoja, akawaaga, akarudi kazini.

Kasyoki akamgeukia Athman.

— Wa... akaanza, akajirekebisha. Athman. Uongezewe kahawa?

Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma. Athman akatoa simu kana kwamba imeita, akainuka nayo sikioni, akaondoka. Alikuwa keshafika kona alipotambua hakuaga. Akasimama. Alijua hawangemcheka. Lakini kurudi akaona haya.

Kesho yake alijiambia kuna wateja wengi, hakwenda benchini. Keshokutwa yake alitaka sana kwenda, akaogopa kuulizwa jana alikuwa wapi.